Fahamu: Mahakama ya Makadara inasikiza kesi gani?

Makadara ni mahakama ya mahakimu, si Mahakama Kuu. Hapo ndipo kesi nyingi za mitaa kama Maringo, Jericho na Kaloleni huanzia.

Kiwango cha pesa

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 hupima uwezo kwa cheo: hakimu mkaazi hukomea madai ya Sh5 milioni, hakimu mkuu Sh20 milioni. Fundi wa sofa anayedai Sh80,000 ana njia fupi zaidi, na inastahili kujulikana: Mahakama ya Madai Madogo, kikomo Sh1 milioni, uamuzi ndani ya siku 60.

Jinai

Wizi wa mabavu husikizwa na hakimu. Mauaji ya kukusudia na uhaini huenda Mahakama Kuu.

Kanuni za usawa

Kenya haina mahakama ya pekee ya usawa (equity). Sheria ya 1967 inaagiza mahakama zote, hata za mahakimu, zifuate kanuni za usawa zilizotumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, mradi ziwafae watu wa hapa na pasipo na sheria iliyoandikwa. Humo ndimo ilimotoka amri ya zuio: karatasi yenye muhuri inayomsimamisha dalali wa mnada akiwa tayari ameshika meza yako mlangoni.