Boti Kuukuu Kabla ya Kutoa Fedha

Wako kina mama wa Lamu wanaotia akiba ya chama, hata dhahabu zao, katika boti iliyokwishatumika ili ipakie abiria. Rangi mpya isiwahadae. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya fungu la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji. Sharia humpa mnunuzi khiari ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake. Lakini boti ikishazama, khiari hiyo itawafaa nini waliomo?

Nendeni na fundi asiye wa muuzaji, boti ikiwa imepandishwa pwani. Aigonge faiba kwa sarafu: mlio mkavu ni wa uzima, mlio mzito waashiria maji yamepenya. Ubao wa tezi, unaobeba mashine, ndio wa kukaziwa macho zaidi. Mashine ikitikiswa nao ukanesa, mbao za ndani zimeoza, na kuzibadili ni gharama kubwa.

Mashine yenyewe iguseni kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji amekutangulieni, pengine kuficha ugumu wake wa kuwaka. Ikishawaka majini, mkondo wa maji utoke kwa nguvu kando yake, usipotoka, haipozwi. Mafuta ya gia yakiwa kama chai ya maziwa (rangi hiyo mwaijua kuliko mafundi), maji yameingia.

Mkishainunua, kila irudipo safari mashine isafishwe kwa maji matamu. Jaketi za kuokolea zitoshe abiria wote, na za watoto ziwe za kimo chao. Kama hazimo katika bei, zinunueni kabla ya safari ya kwanza.