Saa ya Msikiti Pasipo na Intaneti: Mfano wa Bariadi

BismiLlaahir Rahmaanir Rahiym

Sifa njema zote Anastahiki Allaah, na Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Siku hizi misikiti na madrasa nyingi huadhini kwa kufuata kompyuta, na jamaa zetu wa Unguja na Pemba wanaohamia bara huenda nazo hata pasipo na intaneti. Je, huko kompyuta inapewa saa na nani? Tuchukulie madrasa yenye kompyuta tano mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Kwa nini saa hupotea

Kila kompyuta ina saa yake ndani, nayo hukimbia au huchelewa kama saa ya mkononi. Sekunde moja au mbili kwa siku ni jambo la kawaida, na kwa mwaka hizo ni dakika kadhaa. Penye intaneti husahihishwa kimya kimya. Pasipo intaneti, kompyuta tano zitakuwa na saa tano.

Sava ya saa

Dawa ni kuteua kompyuta moja iwe sava ya saa, na nyingine zote ziiulize yenyewe kupitia mtandao wa ndani. Kwenye Linux hutumika programu ya chrony. Katika mipangilio ya sava huongezwa mistari miwili: `allow 192.168.1.0/24`, unaoruhusu kompyuta za ndani kuuliza (badilisheni namba zifuate mtandao wenu), na `local stratum 10`, unaoifanya iendelee kujibu hata ikikosa chanzo cha nje. Kompyuta nyingine huandikiwa anwani ya sava tu.

Lakini sava ikikosea, zote hukosea pamoja, na kwa kuwa zinalingana hakuna atakayeshtuka. Kulingana si kusibu. Kwa hiyo ipewe chanzo cha kweli: kipokezi cha GPS, kifaa kidogo kinachowekwa panapoonekana mbingu, hupokea saa ya setilaiti bila intaneti wala bando. Kikikosekana, ateuliwe mtu mmoja mwaminifu airekebishe kila wiki kwa simu iliyoshika mtandao. Na wanaotumia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 wajue kuwa haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika huamka na saa ya zamani, basi iongezewe kifaa cha saa chenye betri.

Kazi hii si ngeni kwetu. Karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati, wa Msikiti wa Umawi mjini Damascus. Sava ni chombo tu. Amana ya muwaqqit inabaki kwa anayeisimamia.

Saa sahihi, mji usio wake

Tanzania nzima ina saa moja, lakini jua halifiki kote pamoja. Mji wa Zanzibar uko karibu digrii 39.2 mashariki, Bariadi karibu 34, na kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo Adhuhuri ya Bariadi huingia takriban dakika 21 baada ya Zanzibar. Kwa Magharibi tofauti hiyo huongezeka au hupungua kwa msimu, lakini ipo mwaka mzima.

Basi programu iliyotoka Unguja na kubaki imeandikwa "Zanzibar" itaadhini Magharibi huku jua la Bariadi halijachwa, hata kama saa yake haikosei sekunde. Swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haisihi. Na katika Ramadhaan, aliyefuturu kwa adhana hiyo atalazimika kuilipa siku hiyo kwa rai ya jamhuri ya wanachuoni, na ndiyo kauli ya madhehebu ya Shaafi'iy.

Qur-aan katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, imeifunga Swala na nyakati zake, na alama ya nyakati hizo ni jua, si kompyuta. Siku isiyo na mawingu, mmoja wenu atoke nje alitazame likizama, kisha alinganishe na sava. Na mkiwapigia simu jamaa zenu walio bara, waulizeni programu yao imeandikwa mji gani.

Wa Allaahu A'lam.