Joka Tumelikubali, Njia Je?

Likizo iliyopita niliketi katika kibanda umiza kimoja mjini Tarime, watu wakitazama Game of Thrones, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2019. Majoka yalitema moto, maiti wakafufuka, hakuna aliyeguna. Ila mhusika mmoja alipotokea kusini ilhali punde tu alikuwa kaskazini, mzee mmoja wa Serengeti akanigeukia: "Kijana wangu, huyu kapita njia gani?"

Swali lile ni la kihakiki kabisa. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba fantasia haimpi mtunzi ruhusa ya kusema lolote.

Mtunzi anapobuni ulimwengu anafunga mkataba na hadhira yake. Fanani wa kwetu anaruhusiwa kumsemesha sungura. Lakini akisema mtu alitembea kutoka Sirari akafika Mugumu kabla uji haujapoa, atakatizwa tu. Wasikilizaji wanajua Mto Mara uko katikati. Aseme basi alibebwa na ndege. Katika msimu wa kwanza, msafara wa mfalme kwenda Winterfell ulichukua mwezi mzima. Katika msimu wa saba (2017), kunguru anapeleka ujumbe, na malkia anafika na majoka yake, yote ndani ya kipindi kimoja. Mkataba umevunjwa.

Wahusika nao vilevile. Aristotle alidai mhusika awe thabiti. Hata kigeugeu awe kigeugeu mwanzo hadi mwisho. Sasa mtazame Daenerys. Katika msimu wa nne (2014) anawafunga minyororo majoka wawili baada ya kuletewa mabaki ya mtoto aliyeunguzwa na yule wa tatu. Mwaka 2019 anauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri, watoto wakiwamo. Wenzangu hudai dalili zilikuwepo: si aliwasulubu mabwana 163? Kweli, lakini mabwana wale walikuwa wamesulubu watoto watumwa 163. Kutoka kulipiza kisasi hadi kuchoma raia kuna ngazi nyingi, na msimu wa mwisho ulikuwa na vipindi 6 tu, wakati misimu sita ya kwanza ilikuwa na 10 kila mmoja. Kosa si kubadilika kwake. Kosa ni ngazi zilizorukwa.

Linganisha na Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Nchi yenyewe inaelea angani! Hata hivyo ina sheria yake: mjumbe anayerudi na ushauri wa manufaa huishia kifungoni. Majivuno anamshtaki Karama, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Wafungwa wanapoachiliwa mwishoni hatushangai, maana tumepandishwa ngazi sita.

Tumezoea kusema wahusika wa Shaaban Robert ni bapa, majina yao yanahubiri tabia zao. Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa maksi. Leo naona nilichanganya mambo mawili. Mhusika anaweza kuwa bapa na bado akawa mwaminifu kwa ulimwengu wake. Mwingine akawa na sura kumi na bado akatusaliti.

Basi tunapohakiki kazi ya kubuni, tusianze kwa kuuliza kama majoka yapo. Tuanze na swali la yule mzee: kapita njia gani?