Mpira wa skuli, kutoka Kiungani hadi Kengeja

Kengeja, kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, inasifika kwa mchezo wa ng'ombe na kwa skuli yake ya sekondari ya ufundi. Mpira unaochezwa na vijana wake hautajwi sana. Kwa wazee wengi, mpira wa skuli ni jambo la kupitishia jioni: vijana watoke jasho, adhana ya magharibi ikilia kila mtu arudi kwao. Lakini mpira wa Zanzibar wenyewe ulianzia chuoni, na chuo hicho kilikuwa kidogo, cha watoto wasiokuwa na kwao.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Edward Steere walifika Unguja kwa niaba ya misheni ya UMCA. Sultani Majid aliwakabidhi watoto watano wa kiume waliookolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa mwanzo. Baada ya miaka michache misheni ilipata mahali Kiungani, kusini ya mji, na hapo kikasimama Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Walikuwa ni watoto wa namna gani? Mwaka 1887 A. C. Madan, mtunzi wa kamusi za Kiswahili, alichapisha kitabu kilichokusanya habari za maisha yao, zilizoandikwa na wao wenyewe. Yumo Myao, yumo Mmakua, yumo aliyetoka Nyasa. Kila mmoja anaeleza alivyotekwa, alivyouzwa mkono kwa mkono mpaka pwani, na jinsi jahazi lilivyokamatwa baharini. Watoto hao, waliokutanishwa na msiba, ndio waliopewa mpira miguuni.

Mpira wenyewe haukuwa mwepesi kama wa leo. Ulikuwa wa ngozi nene iliyoshonwa vipande, ndani mna mfuko wa raba, na ukishajazwa upepo mdomo wake hufungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha ngozi hunywa maji ikawa nzito, na anayeupiga kichwa pale penye kamba huumia kweli. Hata hivyo, kabla ya karne ya 19 kwisha, Kiungani ilikuwa na timu ya kupambana na Waingereza waliokuwepo mjini na mabaharia wa meli zao.

Kwa nini mpira uingie kwa mlango wa misheni? Jibu limo katika jina la misheni yenyewe, maana UMCA ilikuwa misheni ya vyuo vikuu. Ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi Disemba 1857, na vyuo vikuu vya Cambridge, Oxford, Durham na Dublin vikaiunga mkono. Cambridge ndiko pia ambako mwaka 1848 wanafunzi waliotoka skuli mbalimbali, kila mmoja na kanuni zake za mpira, walikaa wakaandika kanuni za pamoja. Kanuni hizo zilichangia sheria za chama cha soka cha Uingereza kilichoundwa 1863. Kwa hiyo, wakati Kiungani inaanza, soka lenye sheria za chama lilikuwa bado changa hata huko kwao. Mtoto aliyekombolewa jahazini na kijana wa Cambridge walikuwa wakijifunza mchezo uleule, wakipishana kwa miaka michache tu.

Kisha wanafunzi wakatawanyika. Waliopelekwa bara kuwa walimu na makarani waliondoka na mpira wao. Mmoja wa waliosoma Kiungani ni Martin Kayamba, mzaliwa wa mwaka 1891. Mwaka 1922, akiwa karani wa serikali Tanga, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Chama hicho kilikuwa na mahali pa kusomea magazeti, madarasa ya jioni na timu ya mpira. Wanahistoria hukihesabu miongoni mwa watangulizi wa African Association ya mwaka 1929, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa TAA, kisha TANU mwaka 1954. Si haki kusema mpira ndio ulioleta uhuru. Lakini watu waliozoea kupanga timu, kukusanya michango na kuchagua nahodha walikuwa na mazoezi ya kutosha ya kuendesha chama.

Chuo chenyewe kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, miaka ya 1920. Zanzibar haikulala. Chama cha mpira cha visiwani kilianzishwa 1926, mwaka uleule Kenya na Uganda zilipoanza kugombea Kombe la Gossage. Zanzibar ilijiunga na kombe hilo 1949, na mwaka 1995 ikatwaa mrithi wake, Kombe la Chalenji, huko Uganda.

Pemba nayo ina fungu lake. Jamhuri ya Wete ilichukua ubingwa wa Zanzibar 2003, Super Falcon ikafuata 2012. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, Wapemba wakishuhudia kwa macho yao.

Njia ya kutoka kiwanja cha skuli hadi Gombani ipo. Tangu Mzee Karume atangaze elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, siku hiyo huadhimishwa kwa michezo ya skuli, wilaya kwa wilaya. Mei 2024 Uwanja wa Amaan ulipokea fainali za Afrika za mpira wa skuli. Feisal Salum alipitia JKU na Ibrahim Hamad "Bacca" alipitia KMKM, timu za Unguja, kabla ya kuitwa Yanga. Kijana wa Kengeja ana bahari moja zaidi ya kuvuka, na hilo ni zito: nauli ya boti, pahala pa kulala, mtu wa kumwona.

Habari za Kiungani tunazo kwa sababu kuna walioziandika. Za timu za skuli za Pemba zimo vichwani mwa walimu waliostaafu na wachezaji ambao sasa wana wajukuu. Aliyewahi kuvaa jezi ya skuli yake, Kengeja au kwengineko, achukue daftari aandike: nani alikuwa golikipa, mechi ilichezwa wapi, nani alifunga. Kisha nakala aipeleke skuli, iwekwe maktaba.