Rangi ya Kupuliza, Stensili na Kanvasi Inayozunguka: Jinsi ya Kuanza Bila Kujidhuru

Ukisimama kwenye stendi ya Sagana kwa nusu saa, utaona matatu za Karatina, Nyeri, Kerugoya na Nairobi zikipita. Baadhi hazina chochote ila mstari wa manjano. Nyingine zimejaa sura za wanamuziki, wachezaji wa kandanda na maandishi yenye vivuli. Michoro hiyo ni kazi ya mafundi, na mingi huanza na vifaa viwili tu: kopo la rangi ya kupuliza na stensili.

Vijana wengi huuliza jinsi ya kuingia katika kazi hii. Makala haya yanaeleza mbinu tatu unazoweza kujaribu nyumbani, madhara ya kiafya unayopaswa kujikinga nayo, na vibali vya kutafuta kabla ya kupaka rangi ukuta au gari.

Stensili

Stensili ni karatasi ngumu au plastiki iliyokatwa umbo la herufi au picha. Si jambo geni kwetu. Magunia ya kahawa na madawati ya shule huandikwa kwa njia hiyo. Ni mbinu ya kale pia: katika mapango ya Sulawesi, Indonesia, kuna alama za viganja vilivyowekwa mwambani na kuzungushiwa rangi zaidi ya miaka 39,000 iliyopita.

Huhitaji kununua karatasi maalum. Filamu ya eksirei iliyotumika au jalada la plastiki la faili linatosha. Chora umbo, kisha ulikate kwa wembe wenye mpini, ukiwa umeweka ubao chini. Kumbuka kuacha vidaraja. Ukikata herufi O yote, duara la katikati litaanguka na utabaki na tundu. Acha vipande viwili vyembamba vya kulishikilia duara hilo. Herufi A, B, D, P na R zinahitaji vidaraja vivyo hivyo.

Ukitaka rangi tatu, kata stensili tatu, moja kwa kila rangi. Weka alama mahali pamoja kwenye pembe za zote ili picha isihame.

Rangi ya kupuliza

Kopo la rangi ya kupuliza lilibuniwa na Edward Seymour nchini Marekani mwaka 1949. Ndani yake mna rangi, kiyeyushi na gesi yenye shinikizo. Rangi hutua chini kopo likikaa, ndiyo maana lina kigololi cha kuichanganya. Tikisa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuanza.

Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani. Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, na uachilie kabla ya kusimama. Puliza tabaka jembamba, lisubiri likauke kidogo, kisha uongeze la pili. Wanaoanza huharibu kazi kwa haraka: hupuliza nyingi kwa mara moja, rangi ikachuruzika na kupenya chini ya stensili. Jaribu kwanza kwenye mbao au kipande cha bati.

Kanvasi inayozunguka

Umewahi kuona tope linavyoruka kutoka kwa gurudumu la bodaboda? Kitu kinachozungushwa hutaka kwenda moja kwa moja, na kisiposhikwa imara huponyoka. Mbinu hii hutumia jambo hilo hilo. Rangi ikidondoshwa karibu na katikati ya kanvasi inayozunguka, hukimbilia ukingoni na kuacha michirizi kama miale ya jua. Alfons Schilling aliifanya mjini Paris mwaka 1962, na Damien Hirst wa Uingereza akaipa umaarufu kuanzia miaka ya 1990.

Hapa kwetu, gurudumu kuukuu la baiskeli linatosha. Lilaze juu ya ekseli iliyofungwa imara kwenye ubao, ufunge juu yake kanvasi au kipande cha mbao nyepesi kwa skrubu. Zungushia kuta za boksi kubwa la katoni ili rangi isiruke hadi kwa jirani. Tumia rangi ya maji iliyolainishwa kidogo. Nyepesi sana itaruka yote, nzito sana haitasogea. Zungusha kwa mkono na uepuke mota yenye nguvu, kwa sababu kanvasi ikichomoka inaweza kumjeruhi mtu.

Unaweza kuunganisha mbinu hizi. Acha kanvasi ikauke kabisa, weka stensili juu, kisha upulize rangi moja nyeusi. Michirizi itabaki kuwa mandhari ya picha yako.

Linda afya yako

Mvuke wa kiyeyushi huleta kizunguzungu na kichwa kuuma, na ukivutwa kwa muda mrefu unaweza kudhuru ubongo na mapafu. Usipulize rangi ndani ya kibanda cha mabati kilichofungwa. Fanya kazi nje, upepo ukiwa nyuma yako. Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke. Inahitajika barakoa yenye kichujio cha kaboni. Watoto wakae mbali.

Nunua rangi yenye alama ya ubora ya KEBS. Kiwango cha Kenya hakiruhusu madini ya risasi yazidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi, kwa kuwa madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiliache kopo juani au karibu na jiko, na usilitoboe wala kulichoma. Vilevile, usioshe vifaa mtoni. Maji ya Mto Sagana huingia Tana na kufika Bwawa la Masinga, na wengi huyatumia njiani.

Ukuta ni wa nani?

Pata idhini ya mwenye ukuta kabla ya kuanza, ikiwezekana kwa maandishi. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, matangazo ya nje ni jukumu la kaunti, kwa hivyo mchoro unaotangaza biashara unahitaji kibali. Usiguse kamwe alama za barabarani.

Kwa matatu, mstari wa manjano lazima uonekane. Kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliifuta michoro mingi magarini, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea wachoraji katika muhula wake wa kwanza. Mwenye gari athibitishe masharti ya NTSA kabla hujaanza kazi, usije ukalazimika kuifuta.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji walipaka jumbe za amani kwenye treni inayopita Kibera. Kopo lile lile linaloharibu ukuta wa mtu linaweza kubeba ujumbe wa jamii nzima.

Jedwali hilo la Nne linazipa kaunti pia jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na shughuli za utamaduni. Uliza katika ofisi ya wadi yako kuhusu mafunzo na vibali. Anza na filamu moja ya eksirei, kopo moja, na kipande cha mbao kisicho cha mtu mwingine.