Mnazi wa Abdilatif Abdalla: Haki, Vita na Wajibu wa Raia

Kahawa Wendani, katika barabara itokayo Nairobi kwenda Thika, ni mtaa ambao jina lake kwa Kikuyu lina maana ya kupendana. Jirani yake kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanza kama chuo mwaka 1965 pale Waingereza walipoikabidhi Kenya kambi yao ya kijeshi ya Templer. Si mbali na hapo lipo gereza la Kamiti. Humo Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Kosa lake lilikuwa kuandika Kenya: Twendapi?, waraka wa mwaka 1968 ulioishutumu serikali. Alitoka mwaka 1972 baada ya kifungo cha miaka mitatu.

Kwa sababu ya asili hiyo, diwani hii aghalabu husomwa kama malalamiko ya mfungwa. Usomaji huo si wa makosa, lakini haujakamilika. Tulitazame shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mti mmoja. Mtunzi aliyefungwa kwa ajili ya msimamo wake angeweza kumpokonya mpinzani ulimi. Badala yake amefuata desturi ya malumbano, ambayo washairi wa Mombasa wameienzi tangu zama za Muyaka bin Haji: kila upande hupewa zamu, na ajibuye hana budi kuyapokea kwanza maneno ya mwenzake. Haki, basi, haimo katika maudhui tu. Imo katika umbo lenyewe.

Yumkini mtu atauliza: je, kumpa mdhulumu zamu ya kusema si kumsaidia? La. Kusikilizwa si kushinda kesi. Mtunzi huyu huyu, katika "Siwati", ametangaza kwamba msimamo wake hauachi.

Kuhusu vita, mfano wa mnazi una uzito wa pekee. Shamba hugawanyika, mnazi haugawanyiki. Ukipasuliwa nusu kwa nusu, hakuna apataye dafu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua Wakenya zaidi ya 1,100, zilionyesha jinsi nchi inavyopasuliwa na watu wanaodai kuipigania.

Wajibu wa raia, kwa mujibu wa shairi hili, ni mambo mawili yasiyotengana: kudai fungu lake bila woga, na kumwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Sisi tufundishao ushairi tumezoea kuwahesabisha wanafunzi vina na mizani. Inafaa tuwaulize pia ni nani katika shairi aliyepewa zamu ya kusema, na ni nani aliyenyimwa.