Hita ya Gesi na Hewa Nyepesi ya Meru

Barabara ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo inapita Arusha, na mnara wa saa uliopo katikati ya mji husemwa kuwa ndio nusu ya safari hiyo. Ndiyo maana wakazi wa hapa wameyazoea magari ya kulala kuliko watu wa miji mingi ya Tanzania: malori marefu ya watalii, Land Cruiser zenye hema juu ya paa, magari-nyumba yaliyoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Baadhi yake yana kijidirisha cha bati chenye matundu ubavuni. Nyuma ya bati hilo kuna hita ya maji inayowaka kwa gesi ya mtungi, na ikiharibika njiani, inaishia mikononi mwa mafundi wa Arusha, watu wenye ustadi wa miaka mingi wa kukata na kurefusha magari ya safari.

Mwenye gari huuliza kwanza kuhusu maji na gesi. Mimi ningeanza na hewa, kwa sababu hewa ndiyo inayoamua kama hita hiyo ni raha au ni hatari, na hewa ya mlimani si ile ya pwani.

Lita moja ya propani, ikiwa katika hali ya gesi, inahitaji kama lita 24 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya butani inahitaji kama 31. Mitungi tunayonunua ina mchanganyiko wa gesi hizi mbili, na katika nchi za joto sehemu ya butani kwa kawaida huwa kubwa. Hita nyingi za magari-nyumba kutoka Marekani zimetengenezwa kwa ajili ya propani peke yake, na tundu la nozeli yake limepimwa kwa gesi hiyo. Ukipitisha butani kwenye tundu lilelile kwa mgandamizo uleule, joto linaloachiliwa huongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, na mahitaji ya hewa hupanda pamoja nalo. Hita za Ulaya mara nyingi zimeandaliwa kupokea gesi zote mbili, kwa hiyo jambo la kwanza kwa fundi ni kusoma kibati cha hita kabla ya kushika spana.

Sasa pandisha gari hilo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Tanga. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 na zaidi, upungufu unakaribia robo. Gesi inayosukumwa na regyuleta hupungua pia, ila si kwa kiasi ambacho hewa inapungua. Kwa hiyo hita iliyotulia vizuri Mombasa inaanza kukosa pumzi Usa River. Mafundi wa Amerika Kaskazini wana kanuni ya kupunguza nguvu ya kifaa kwa asilimia 4 kwa kila mita 300, wakihesabu kutoka usawa wa bahari, pindi kifaa kinapotumika juu ya mita 600. Kwa Arusha hesabu hiyo inafika karibu asilimia 18, na inatekelezwa kwa kubadilisha nozeli, si kwa kukaza koki nusu. Hita ya propani inayolishwa butani kwenye miinuko ya Mlima Meru, hapa Arusha, ina kasoro mbili zinazovuta upande mmoja: moto mwingi, hewa kidogo.

Moto uliokosa hewa hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni gesi ileile inayowaua waliolala chumbani na jiko la mkaa usiku wa baridi, na kila msimu wa baridi ninaposikia habari ya namna hiyo huumia, maana ni kifo kinachozuilika. Ndani ya gari, chumba ni kidogo zaidi na madirisha hufungwa kwa sababu ya mbu na ubaridi. Hivyo hita inayofaa gari ni ile ambayo chumba chake cha moto kimetengwa kabisa na chumba cha kulala: inavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na bati lake limezibwa pembeni kwa silikoni inayostahimili joto au gasketi. Bomba la moshi lisiwe chini ya dirisha linalofunguka. Hita ya ukutani ya bafu la nyumbani, ile inayovuta hewa ya chumbani, isifungwe ndani ya gari hata kama bei yake inashawishi.

Gesi yenyewe ina tabia yake. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia. Kabati la mtungi linahitaji tundu la chini linalotokea nje. Kitambuzi cha gesi hii huwekwa karibu na sakafu, lakini kile cha kaboni monoksidi, ambayo uzito wake unakaribia wa hewa, kiwe karibu na usawa wa kichwa cha anayelala. Vifaa hivi ni viwili na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Kuwasha ni rahisi mradi maji yatangulie. Jaza tangi, fungua bomba la moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Tangi likiwaka tupu huharibika haraka. Kwenye hita zenye kimoto kidogo cha kudumu, mwali huo hupasha ncha ya waya wa metali mbili, themokapo, nayo huzalisha umeme mdogo unaoshikilia vali wazi. Upepo ukizima mwali, ncha hupoa na gesi hujifunga. Usishinde ulinzi huo kwa kufunga kitufe na mpira. Zima kila kitu kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Asubuhi za Julai huko Ngorongoro kuna jambo huwashangaza wengi: mtungi una gesi, moto hauji. Butani huchemka karibu na nyuzi 0, propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Baridi ikishuka, propani hutoka kwanza na butani hubaki chini ikiwa majimaji, na kadiri inavyogeuka kuwa gesi, huzidi kuupoza mtungi. Mtungi mkubwa zaidi hupoa polepole. Kuupasha kwa moto ni kutafuta maafa.

Kwa matumizi, gesi si nyingi. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 inahitaji takriban gramu 50 za gesi iwapo hita inapoteza joto kidogo, yaani mtungi wa kilo 6 unatoa ndoo kama 120.

Maji ya Meru nayo yana habari. Miamba ya volkano imeyapa sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, na uchache huo wa kalsiamu ndio unaoiacha floridi ibaki majini kwa wingi. Kiwango cha Tanzania tangu 2018 ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya maeneo haya huvuka hapo, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi. Hita haiondoi floridi, na kuchemsha huikoleza. Kwa kunywa, tumia maji yaliyochujwa, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi. Maji ya hita yabaki ya kuoga na kuosha vyombo.

Barabara ya kutoka geti la Lodoare, Ngorongoro, hadi Seronera ndani ya Serengeti, yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, hulegeza viungo. Baada yake paka povu la sabuni kila kiungo. Mapovu yakikua, funga mtungi. Nyigu hujenga viota vya udongo na buibui husuka ndani ya mirija ya moto, na hapo hewa hupungua tena bila mtu kujua. Mwali wa buluu ni sawa. Cheche za rangi ya chungwa zinazopita zinaweza kuwa vumbi la magadi tu, lakini mwali wa manjano unaodumu, wenye masizi kwenye bati, ni hita inayokosa hewa: izime, safisha mirija, pima nozeli. Kazi hii ifanyike Mei, mvua za masika zinapoisha, kabla wageni wa Juni hawajaanza kudai maji ya moto.